Mistari Miwili Juu ya Meza ya Chakula

Nilipofika Magogoni kwenye msiba wa Bi Zulfa sikulia. Nilivua viatu, nikapita katikati ya wanawake waliokuwa wakisoma Yasini, nikautazama ukuta wa ukumbini, pale juu ya mahali ilipokuwa meza ya chakula. Umepakwa rangi mara nyingi tangu wakati wangu, lakini ukijua pa kutazama, alama za gundi kwenye pembe nne bado zinaonekana. Hapo ndipo karatasi yangu ya grafu ilipokaa mwaka mzima, nikiwa na miaka kumi na tisa. Sasa nina arobaini na nne. Nimeishi Lamu, Tanga, Muscat, Voi, Muscat tena na Voi tena. Nimebadilisha masanduku manne, ila kwenye mshikio wa kila sanduku nimefunga kipande kile kile cha plastiki ya manjano, kilichokuwa kwenye ufunguo wa chumba changu cha Magogoni, ili nilitambue langu katikati ya masanduku ya wenzangu. Watu huniuliza kwa nini situlii. Huwa nawaambia nimeumbwa hivyo, kwa sababu jibu lenyewe ni refu na halinipendezi.

Salma, bintiye Bi Zulfa, ambaye tu sawa kwa umri, alinivuta pembeni akanipa kikombe cha kahawa. "Mutisya alikuja kuzika," akaniambia kwa sauti ya chini. "Alisimama kule barabarani, hakuingia. Kaka Feisal alimuona akageuza uso."

"Yu hai?"

"Yu hai, yuko Changamwe kwa bintiye. Kwani wewe wamtakiani?"

Kupitia dirishani niliona mahali lilipokuwa banda la mbuzi. Sasa pana vyumba vya kupanga, ghorofa mbili, nguo za watu zimeanikwa kwenye vyuma vya ngazi. Ndivyo Feisal alivyotaka tangu mwaka ule, na mimi ndiye niliyempa sababu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Bi Zulfa alikuwa na mbuzi arobaini na mmoja uani, kwenye banda la mbao lililoinuliwa kwa nguzo, na mwanawe Feisal, mwenye ofisi yake mjini na nyumba Nyali, alikuwa akimshikilia mamake awauze wote ajenge. "Mbuzi ni harufu na hasara, mama." Bi Zulfa naye alikuwa akisema, "Harufu ndiyo iliyokusomesha." Wakafikia mapatano: mwaka mmoja wa kuandika kila kitu, kisha karatasi iseme. Mimi nilikuwa na alama nzuri za hesabu na biolojia, nikachukuliwa kuandika, nikapewa chumba karibu na jiko, chakula, daftari, na karatasi kubwa ya grafu ambayo Feisal mwenyewe aliileta na kuibandika ukumbini ili kila mtu aione akila. Chini niliandika miezi kumi na miwili, kando nikaandika idadi. Mstari wa kijani ulikuwa wa waliozaliwa, mwekundu wa waliokufa. Usiku wa kwanza nilisimama mbele ya familia nikawafundisha, kijiti mkononi: wa kijani ukiwa juu ya mwekundu, kundi linaongezeka, na kadiri nafasi kati ya mistari ilivyo pana ndivyo linavyoongezeka kwa kasi. Ikikutana, limesimama. Mwekundu ukipanda juu, linapungua, hata kama wa kijani nao unapanda. Nilijivunia hasa hicho kipengele cha mwisho, maana darasani wengi walikuwa wakikikosa. Salma alipiga makofi. Mutisya, mchungaji wa mbuzi, aliyeitwa asimame mlangoni asikilize, alisema, "Sasa mbuzi watajua kusoma hiyo?"

Sikumpenda Mutisya. Nasema hivyo kwa sababu wanaosimulia mambo ya namna hii hupenda kujifanya kwamba walikuwa marafiki. Alikuwa mtu wa Machakos, mwenye miaka thelathini na kitu, mkavu, na alikuwa na kawaida ya kumtazama mtu miguuni anapozungumza naye. Aliniita Madam Grafu. Nikienda bandani kuuliza habari za siku alikuwa akisema, "Madam Grafu, leo hakuna mpya, labda uzae wewe." Nami nilimwambia ananuka, tena mbele ya watu. Nyumba nzima ilimsema. Mbuzi akifa peke yake usiku, ni yeye aliyeamrishwa kwenda kumzika nyuma ya minazi, na kila mara baada ya hapo kulikuwa na mtu mezani wa kusema, "Mwamzika au mwamla? Hawa wa bara hawachagui." Alikuwa akisikia. Dirisha la ukumbi lilitazama banda.

Kazi yake moja niliipenda. Kila mwanambuzi alipotimiza mwezi, Mutisya alimkatia kipande kutoka kwenye madumu ya mafuta ya kupikia, akakitoboa kwa msumari wa moto, akamvisha shingoni kwa uzi. Aliviita vitambulisho. "Kila raia wa banda lazima awe na chake," alisema, "hata kama serikali ni ya Bi Zulfa."

Mimi sikuwa nikiingia bandani mara nyingi. Nilijua habari kwa njia mbili tu. Mbuzi akizaa, Mutisya alinipigia kelele dirishani. Mbuzi akifa, alikuja stoo kuchukua jembe, na stoo ilikuwa mkabala na mlango wangu. Jembe likitoka, nilishika kalamu nyekundu. Nilidhani ni utaratibu safi kabisa. Haikupita siku nisisikie kitu, na daftari langu halikuwa na hata mfuto mmoja.

Mwezi wa tatu matokeo yalitoka. Nilikuwa nimefaulu vizuri kuliko yeyote nyumba ile alivyotarajia, na Bi Zulfa, ambaye hakuwa mtu wa maneno matamu, alisema, "Leo twala pilau." Ami Athmani, jirani aliyekuwa akiitwa kuchinja, alikuja na kisu chake kwenye gazeti. Tulikaa mezani kumi na moja, majirani pia, sinia mbili, kachumbari yenye pilipili za kutoa machozi, na maini ya kukaanga nikawekewa mimi kama bwana harusi. Feisal alikuja kutoka Nyali na soda kreti nzima. Salma alichezacheza tu siku ile, akanifungia kitu kwenye ufunguo wangu akisema, "Msomi asije akapoteza chumba." Nilicheka. Juu ya vichwa vyetu mstari mwekundu ulikuwa umelala chini kabisa, na Feisal aliunyooshea kidole akamwambia mamake, "Mwezi huu hakuna hata mmoja aliyekufa. Nakubali." Kila mtu alikubali, huku wakiguguna mifupa.

Kisha masika yakaja, na mbuzi wakaanza kukohoa.

Kikohozi cha mbuzi kinafanana sana na cha mzee anayejizuia. Nilikuwa nikikisikia nikiwa kitandani, mvua ikipiga bati. Mwezi wa nne walikufa wanne, jembe lilitoka mara nne, mstari mwekundu ukaruka. Bi Zulfa hakula vizuri wiki ile. Hasara ya mbuzi aliyekufa mwenyewe ilikuwa mara mbili kwake: amepotea, tena haliki. Akamwita Mutisya uani, nami nikasikia kila neno. "Wewe walala bandani wafanyani? Ukimuona mbuzi ameanza kulegea, piga kelele mapema. Mwite Athmani amuwahi. Sitaki mzoga mwingine kwangu, wasikia?"

"Nasikia, mama. Lakini ni dawa wanataka, si kisu."

"Dawa nitazungumza na Feisal. Wewe piga kelele."

Basi akawa anapiga kelele. Asubuhi, mchana, mara nyingine wakati wa adhana ya alasiri: "Mwiteni Athmani! Huyu anaenda!" Ami Athmani alikuja mbio, kikoi kimepandishwa magotini, na tulimsikia akisema bismillahi kabla hajafika vizuri. Kisha nyumba ilijaa harufu ya kitunguu na tangawizi. Tulikula supu na mkate wa mofa asubuhi, mchuzi na wali wa nazi mchana, nyama ya kukausha usiku. Sahani zilipelekwa kwa majirani hadi nao wakachoka. Mutisya alipewa kichwa na miguu, kama ilivyo desturi. Ngozi alikuja mtu kuzichukua kwa baiskeli. Nilinenepa mwaka ule. Nina picha, mashavu yamejaa, nimesimama kando ya grafu yangu kama mtu aliyeijenga nyumba.

Na jembe halikutoka. Mwezi wa tano, mmoja. Wa sita, hakuna. Wa saba, mmoja. Nilivuta mstari mwekundu chini kwa rula, nikawaambia wote mezani, mdomo umejaa, kwamba ugonjwa umedhibitiwa. Mutisya alikuwa mlangoni akisubiri chakula chake. Alinitazama, safari hii usoni, akasema, "Madam, umeingia bandani lini?"

"Sina haja ya kuingia. Takwimu zinatosha."

"Haya. Endelea kula takwimu."

Feisal alimwambia achunge mdomo wake.

Siku ya hesabu ilikuwa ya mwisho wa mwaka, Jumapili mchana. Nilisimama tena na kijiti changu. Tulianza na arobaini na mmoja. Wamezaliwa thelathini na wanane. Wamekufa tisa. Sita Feisal aliwachukua wakati wa Idi, imeandikwa. Wanaotakiwa kuwepo ni sitini na wanne. Bi Zulfa alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamwambia mwanawe, "Umeona? Umeona?" Kisha Feisal akatoka uani kuhesabu kwa kidole, akahesabu mara mbili, akarudi ukumbini viatu vimejaa samadi.

"Thelathini na saba."

Nakumbuka niliikagua karatasi yangu upya, mwezi kwa mwezi, na nilipoona haina kosa niliona raha. Hiyo raha ndiyo ninayoijutia kuliko mengine. Mstari wa kijani uko juu, mwekundu uko chini, kwa hiyo kundi limekua, na kama halipo basi kuna mkono. Sikuambiwa niseme. Nilisema mwenyewe, kwa Kiswahili changu kizuri cha shule: "Grafu inaonyesha kwamba mbuzi ishirini na saba hawakufa. Wameondolewa."

Mutisya aliitwa. Alisikiliza hadi mwisho, akatazama karatasi, akatazama meza, ambayo ilikuwa bado na sahani za mchana. "Mmewala," akasema.

"Nini?"

"Mmewala nyinyi. Wote. Ulizeni matumbo yenu. Athmani yuko hapo nje, muulizeni ameingia hapa mara ngapi."

"Hao walichinjwa," Feisal akasema. "Hapa twazungumzia hasara."

"Kwani aliyechinjwa anarudi bandani?"

Leo nikilikumbuka swali hilo nasikia joto la aibu shingoni. Siku ile, wallahi, nilisikia ufidhuli tu. Sote tulisikia ufidhuli. Kwetu aliyekufa ni aliyezikwa na jembe. Aliyewahiwa kwa kisu ni chakula, ni riziki, na riziki mtu haiandiki kwa wino mwekundu. Hakuna aliyeniambia nisiwaandike na mimi mwenyewe sikuwahi kuamua nisiwaandike. Hawakunijia kichwani kabisa. Mutisya alisema, "Ngojeni, nina kitu chumbani niwaonyeshe," akageuka, na Feisal akamshika ukosi. "Chumbani hurudi. Ukachukue nini, kisu? Toka hivyo hivyo ulivyo, kabla sijaita polisi." Mkewe Mutisya, aliyekuwa amekuja kumtembelea na mtoto mdogo mgongoni, alikuwa amesimama pale kwenye lango la bati. Alisikia neno mwizi likitamkwa na mtu mwenye shati la ofisini, naye Feisal hakulitamka mara moja tu. Majirani walitoka. Kuna aliyerusha ganda la nazi.

Kesho yake asubuhi Bi Zulfa alinituma nisafishe chumba chake. Kilikuwa chumba cha mabati nyuma ya banda, kitanda cha kamba, redio bila betri, shati moja la Jumapili limekunjwa vizuri. Kwenye msumari ukutani palikuwa na waya uliokunjwa mduara, na kwenye waya huo vitambulisho vya manjano. Alikuwa akivivua kwa kila mbuzi aliyechinjwa na kuvitunza; waliokufa peke yao aliwazika navyo. Nilikaa kitandani pake nikavihesabu. Ishirini na sita. Nikarudia. Ishirini na sita. Ndipo nilipoiona grafu yangu upya, bila kuwa mbele yake. Ule mstari wa kijani, ambao sikuushughulikia kwa sababu ulikuwa juu, ulianza kushuka mwezi wa sita: saba, wanne, wawili, mmoja. Walikuwa hawazai kwa sababu mama zao walikuwa kwenye sinia. Hata vifo vilikuwa vichache kwa sababu waliobaki wa kufa walikuwa wachache. Karatasi ilikuwa imesema kila kitu kwa miezi sita, na mimi niliyeichora sikuwahi kuisoma.

Nilimpelekea Bi Zulfa waya akiwa anakunywa chai na mahamri. Nilimweleza. Aliusukuma waya kando ya sahani kwa kidole kimoja. "Vingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na mliniambia wamepotea wangapi?"

"Ishirini na saba."

"Yule mmoja yuwapi?"

"Sijui, mama."

Akamega hamri. "Basi kuna mmoja ameibwa. Na mwizi wa mmoja ni mwizi. Njoo, kaa unywe chai, yaishe."

Nikakaa, nikanywa chai. Najua vizuri nilichohisi: nilihisi nimeokolewa. Yule mmoja alinitosha. Mwezi uliofuata Feisal aliuza mbuzi wote, mimi nikaondoka kwenda Lamu na waya ule chini ya nguo zangu, na kila nilipohama niliupakia nikijiambia ishirini na sita, ishirini na sita, yupo mmoja. Nimeishi juu ya yule mmoja miaka ishirini na mitano.

Siku ya tatu ya msiba nilimuomba Salma anielekeze, nikachukua sanduku langu kabisa, kwa sababu kutoka Changamwe ningepanda basi la Voi. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mwenye macho ya babake.

"Ndiyo?" akasema kabla sijafungua mdomo. "Unamtaka nani?"

"Mzee Mutisya. Mwambie ni Rukia wa Magogoni."

Kutoka ndani sauti ikasema, "Madam Grafu. Mwambie hapa hatufugi hata kuku."

Lakini alitoka. Amezeeka, mguu mmoja anauburuta, na bado anamtazama mtu miguuni. Sikukaribishwa kiti. Niliutoa waya nikaeleza yote, palepale kizingitini, nikisema haraka kama mwanafunzi aliyekariri. Hakunyoosha mkono kuupokea.

"Ulijua lini?"

"Kesho yake. Asubuhi."

"Kesho yake asubuhi." Alimgeukia bintiye. "Mumbua, umesikia? Asubuhi." Kisha kwangu: "Mama yake huyu aliishi miaka kumi na moja baada ya siku ile. Kila tukikosana ananiuliza swali moja. Kama hukuiba, mbuzi walienda wapi? Nilimwambia kuna waya. Akasema, nionyeshe huo waya. Sikuwa nao. Ulikuwa na wewe, unatembea nao."

"Mmoja alipungua," nikasema. Nilisikia ubaya wa maneno hayo yakiwa bado mdomoni, lakini yalikuwa yametoka. "Nilifikiri labda..."

"Labda nilimuiba mmoja."

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na mtu ndani. Macho yake yalishuka kama kawaida yake, yakapita magotini mwangu, yakafika kwenye sanduku nililoliweka chini. Yakakaa hapo.

"Na hicho ulichofunga hapo ni nini?"

Nilitazama. Kipande cha manjano, kona moja imekatika, tundu lina weusi wa msumari wa moto pembeni.

"Huyo hakuwa mgonjwa," Mutisya akasema. "Dume mwekundu, mdogo, mwenye sikio jeupe. Walimchinja siku ulipofaulu mtihani. Nilipotafuta kitambulisho chake yule msichana wa Bi Zulfa akaniambia amekupa wewe cha kuchezea."

Mumbua alikuwa ameshaingia ndani na kutoka na kisu cha jikoni. Aliinama akakata uzi bila kuniomba, akampa babake. Mutisya alifungua ncha ya waya kwa meno, akakitia, akaufunga, akaanza kuvisukuma kimoja kimoja kwa kidole gumba, akihesabu kwa sauti, polepole, mbele ya majirani wawili waliokuwa wamesimama na ndoo zao za maji. Nilisimama hadi mwisho. Hakuna aliyenizuia kuondoka, lakini nilisimama.

"Ishirini na saba." Alimkabidhi bintiye waya. "Tundika pale kwa mama yako." Kupitia mlangoni niliona picha ya mwanamke ukutani, na msumari mtupu kando yake ambao sijui uliwekwa lini. Kisha akanitazama usoni, kwa mara ya pili tangu nimjue. "Umemaliza?"

Nilisema nimemaliza. Mlango ulifungwa kabla sijaliinua sanduku.

Voi tulifika jioni. Kondakta alifungua buti la basi akayapanga masanduku chini, meusi, yote ya ukubwa mmoja, na abiria wakachukua yao mmoja mmoja wakaenda zao. Nilisimama mbele ya matatu yaliyobaki nikiyatazama, na sikujua langu ni lipi.